Miashoki Imetutosha

Hapa Tanga mjini, pita Raskazone, pita Sahare, nenda hadi Kange kwenye viwanja vilivyopimwa juzi. Nyumba mpya utaijua hata kabla hujaliona bati lake: miashoki imepangwa mstari mmoja kufuata ukuta, imenyooka kama askari wa gwaride, chini yake pevingi tupu, na pembeni kijisehemu cha nyasi ambazo hata watoto wa mwenye nyumba wanafukuzwa wasizikanyage. Aghalabu hapo palikuwa na minazi, na mwembe labda. Ilikatwa siku ya kusafisha kiwanja.

Sina ugomvi na mwashoki kwa sababu asili yake India. Tukianza kufukuza miti kwa uraia, mwarobaini utaondoka, mwembe utafuata, na mkorosho tutaurudisha Brazili. Mkonge wenyewe, ulioupa mkoa huu jina duniani, ni mgeni kutoka Meksiko. Richard Hindorf, Mjerumani, aliuingiza mwaka 1893. Katika vichipukizi 1,000 alivyoagiza kutoka Florida, vilivyofika pwani yetu vikiwa hai ni 62 tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachouliza, mwashoki umemponya nani? Kivuli chake hakitoshi hata mkeka. Maua yake ya kijani huyaoni mpaka uyatafute, na tunda lake ni riziki ya popo.

Kuna fikra imetuingia kwamba mti wa faida kwao shamba na mti wa pambo kwao mjini. Anayesema hivyo hajawahi kusimama akautazama mbilimbi. Maua yake, rangi ya damu ya mzee, yanachipuka kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, kisha bilimbi za kijani zinajaa humo humo, vishada juu ya vishada, mpaka gome halionekani. Nionyeshe pambo la dukani linaloshinda hilo. Na ukishashiba kutazama, unachuma za achari na za mchuzi wa samaki, na jirani anatuma mtoto na bakuli. Mkungu nao unatandaza matawi ghorofa kwa ghorofa, majani yanageuka mekundu kabla ya kuanguka, na watoto wanagonga kungu kwa jiwe wapate kiini. Mkomamanga siusifu, maua yake yanajisifu. Na mnazi? Hoteli za ufukweni Ushongo zinaupiga picha kuvutia watalii, sisi tunaukata.

Kinachoniuma zaidi ni mkilua. Huu ni mwenyeji hasa, mti mdogo wa mwambao wetu wa Tanzania na Kenya, haukuletwa na jahazi wala meli. Ua lake halina mbwembwe za rangi lakini harufu yake inafika kabla ya mwenye kulivaa. Akina mama wanalifunga kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba, pamoja na asumini na mrehani. Siku hizi kuna vijana wanaolijua kilua kwa kulisikia kwenye taarab tu. Mti wenyewe ukiwaonyesha watapita.

Halafu kuna kile kimmea cha maua ya zambarau ambacho ulimwengu mzima umekichukua kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alikikuta huku akakipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akakipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kutokana na la mkuu huyo. Leo kinakaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado wanakiita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Sisi wenye Usambara sebuleni tuna maua ya plastiki, tena tunayafuta vumbi. Sisemi mtu aende msitu wa Amani akaking'oe. Msituni makazi yake yanazidi kupungua. Lakini kinazalishwa kwa jani moja tu likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, na hakitaki jua kali, kibaraza kinakitosha. Wauza miche wangeweza kukijaza mji mzima.

Najua majibu. Nazi inavunja kioo cha gari, mizizi ya mwembe inaingia kwenye karo, majani ya mkungu ni kazi ya ufagio kila asubuhi. Kweli tupu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakibebi mwembe, na mnazi usiupande pale unapoegesha gari. Ila mbilimbi, mkomamanga, mndimu na mkilua vyote vinaenea, na ukingo wa njia unaweza kuwa mchaichai badala ya hayo matofali yaliyopakwa chokaa. Atakayelalamika kwamba bilimbi zinachafua pevingi namshauri aondoe pevingi. Maji ya mvua ya masika yanahitaji pa kuzama, si kukimbilia kwa jirani.

Nauliza miche ya mkilua kila ninapopita kwa wauza maua wa barabarani, naonyeshwa miashoki. Atakayeleta ya mkilua, hata kwa bei ya kuruka, mteja wa kwanza ni mimi.