Meksiko Haikukosa Wawekezaji wa Mafuta

Inanikera kila ninaposoma kwamba Meksiko ingekuwa nchi tajiri leo laiti ingewafungulia mlango wawekezaji wa mafuta mapema. Mlango ulikuwa wazi kupita kiasi. Mmarekani Edward Doheny alianza kuchimba mafuta El Ebano mwaka 1901, Mwingereza Weetman Pearson akaja na kampuni ya El Águila, na serikali ya Rais Porfirio Díaz ikawapa misamaha ya kodi. Kufikia mwaka 1921 visima vya Meksiko vilitoa takriban mapipa milioni 193, karibu robo ya mafuta ya dunia nzima, na ni Marekani pekee iliyoizidi.

Historia mbadala ninayoiona mimi inaanzia mwaka 1884. Tangu enzi za Wahispania, utajiri wa chini ya ardhi ulihesabiwa kuwa mali ya mfalme, na baada ya uhuru ukawa wa taifa. Sheria ya madini ya mwaka huo ndiyo iliyomkabidhi mwenye shamba mafuta yaliyomo chini ya shamba lake. Tuseme sheria hiyo isingepitishwa. Doheny na Pearson wangekuja vilevile, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakibubujika yenyewe katika ardhi ya Huasteca, mashariki mwa nchi, lakini wangelazimika kufunga mkataba na taifa badala ya kukodi mashamba ya watu wasiojua thamani ya walichokikalia. Mrabaha ungeingia hazina kabla ya 1910, vijana wangesomeshwa jiolojia na uhandisi, na kazi za kitaalamu zilizoshikwa na wageni kwenye visima vya Potrero del Llano na Cerro Azul zingeanza kupita mikononi mwa wananchi miaka mingi kabla ya Pemex, kampuni ya mafuta ya taifa, kuundwa. Badala yake, Rais Francisco Madero alipotoza kodi ya senti 20 kwa tani mwaka 1912, kampuni zilipiga kelele kana kwamba zimeporwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Díaz angeweza kuzitapanya fedha hizo, na kwamba mapinduzi ya 1910, ambayo chimbuko lake kubwa lilikuwa ardhi, yangetokea hata hivyo. Lakini mapinduzi hayakuzima visima. Uzalishaji ulipanda katikati ya vita, huku wapiganaji wa Manuel Peláez, mbabe wa kivita wa huko Huasteca, wakilipwa na kampuni kulinda maeneo yao, na meli zikaendelea kupakia mafuta katika bandari ya Tampico wakati wananchi wakiuana. Utajiri ulikuwepo, kilichokosekana ni haki ya kuudai, na Katiba ya 1917 ilipoirudisha katika Kifungu cha 27, miaka bora ya Huasteca ilikuwa inakaribia kwisha.

Wanaodai kwamba Rais Lázaro Cárdenas ndiye aliyeiua sekta hiyo alipoitaifisha tarehe 18 Machi 1938 watueleze basi kwa nini uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi mapipa takriban milioni 33 mwaka 1932, wakati kampuni zilezile za kigeni zilikuwa bado zinamiliki visima, mabomba na bandari.