Amri ya ulinzi: wakili wa siku ya kwanza au wa siku ya pili?

Anayetaka amri ya ulinzi, yaani mahakama imzuie mume, mpenzi wa zamani au shemeji asimkaribie, huulizwa na kila ndugu: umepata wakili? Wanauliza kwa nia njema, lakini nchini Kenya swali hilo huweza kumchelewesha mtu bure. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 haimlazimishi mwombaji kuwa na wakili. Anaweza kwenda mwenyewe mahakama ya hakimu, akawasilisha maombi na hati ya kiapo (maelezo yake ya maandishi anayoyaapia kuwa ni kweli), na hakimu akiridhika kwamba hatari ipo, akatoa amri ya muda kabla hata mlalamikiwa hajaitwa.

Wanaosema usihangaike na wakili wana hoja nzito, na ya kwanza ni pesa. Sheria yenyewe inahesabu dhuluma ya kiuchumi pamoja na kipigo, vitisho, kufuatwafuatwa, hata wakwe kuingilia ndoa. Sasa mtu anayeomba hadi nauli atatoa wapi malipo ya wakili? Akianza kuchangisha, habari zitamfikia yule yule anayemkimbia (ndugu zetu hawana siri, tusidanganyane). Kisha wapo mawakili waliozoea kuanza kesi kwa barua ya madai. Kwenye deni la kodi ya nyumba, barua hiyo ni busara. Hapa ni kumgongea mlango mtu mwenye hasira na kumwambia tunakuja Alhamisi.

Kwa siku ya kwanza, basi, niko upande wao. Kama hatari ni ya usiku wa leo, nenda na ulicho nacho.

Tatizo ni siku ya pili. Amri ya muda ikishatoka, mlalamikiwa hukabidhiwa hati na kupewa nafasi ya kujibu. Anakuja, pengine na wakili wake, amevaa shati lililopigwa pasi, mpole kama kondoo. Hati yako inafunguliwa: "Mume wangu hunipiga kila wakati." Wakili wake anauliza, kila wakati ni lini? Jumapili hamkuwa pamoja harusini? Picha si hizi? Unababaika, na kubabaika kunafanana na uongo kwa mtu asiyekujua.

Linganisha na hii: "Jumanne usiku, mwendo wa saa tatu, alinikaba shingo jikoni akanigonga kwenye kabati. Mtoto wetu wa miaka saba alikuwa mlangoni. Asubuhi niliripoti kituoni, nambari ya OB nimeiandika hapa, na fomu ya P3 iliyojazwa hospitalini nimeiambatisha." (OB ni kitabu cha matukio cha polisi; P3 ni fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha.) Kipigo ni kile kile, ila hii ya pili haiyumbishwi na picha ya harusi. Wakili aliyeisoma hati yako kabla hujaapa angekudai tarehe, saa na mahali, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi anayostahili kulipwa kuliko nyingine zote. Ikiwa uliwahi kuapa kwa haraka, bado anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kuongeza hati nyingine.

Tena, mlalamikiwa asiye na wakili anaweza kukuhoji mwenyewe, macho kwa macho. Swali likigeuka tusi, wakili wako anasimama kulipinga. Ukiwa peke yako, unategemea hakimu awe macho.

Mambo huzidi kusokotana pakiwa na watoto, nyumba au talaka. Mwislamu anayedai talaka kwa Kadhi hujikuta na amri ya ulinzi kwa hakimu, na neno aliloandika huku linaweza kusomwa kule. Hapo sioni faida ya kubana pesa, kama zipo.

Zisipopatikana, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, imekuwa ikiwasaidia wanawake tangu 1985, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kipo tangu 1973. FIDA pia huwafundisha wanawake kujiwakilisha mahakamani, kwa hiyo hata mawakili wenyewe hawaoni kwamba lazima uchague moja kati ya wakili na kujisimamia.

Usiku wa manane, hata hivyo, polisi hataulizia wakili wako. Ataulizia amri. Kuivunja ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Nakala moja ikae kituoni, nyingine mkobani.

Mwenye fedha kidogo ningemshauri aulize bei ya kazi mbili tu: kusoma hati kabla ya kiapo, na kusimama siku ile pande zote zinapokutana. Wapo mawakili watakaokataa kazi ya vipande. Wapo watakaokubali, hasa ukiingia ofisini na karatasi yako imeshaandikwa, kila tukio na tarehe yake.