Nundu ya mafuta na hoja ya kolamu mbili

Wanaotetea kromatografia ya gesi ya kolamu moja (kutenganisha vijenzi vya mchanganyiko kwa kuvipitisha vikiwa mvuke katika mrija mwembamba, yaani kolamu) katika uchunguzi wa mafuta yaliyomwagika wana hoja nzito. Ni nafuu, taratibu zake zimesanifishwa, na ikiunganishwa na spektrometa ya masi (chombo kinachopima masi ya molekuli) hutoa alama za hopani na sterani, kampaundi sugu za mafuta, ambazo mara nyingi zinatosha kutambua mafuta yalikotoka. Mbinu ya kolamu mbili, ambayo Zaiyou Liu na John Phillips waliitangaza Marekani mwaka 1991, wao huiona kuwa anasa ya watafiti: mashine ghali, data nyingi mno, na wataalamu wachache wa kuisoma.

Hata hivyo, hesabu haiko upande wao. Alkani, mojawapo ya hidrokaboni zilizomo katika mafuta, yenye kaboni 20 peke yake ina maumbo 366,319 yanayowezekana. Davis na Giddings walionyesha mwaka 1983 kwamba vijenzi vikijipanga kiholela, kolamu yenye nafasi za vilele 100 (kilele ni alama inayochorwa kijenzi kinapotoka) itaonyesha kwa wastani vilele visivyozidi 37 hivi, na vilele vyenye kampaundi moja tupu havitazidi 18. Kurefusha kolamu hakusaidii sana, kwa kuwa ukiirefusha maradufu utenganisho huongezeka mara 1.4 tu. Hapo ndipo mbinu ya kolamu mbili hueleweka vibaya, kwani kolamu ya pili si nyongeza ya urefu. Kila baada ya sekunde chache kinachotoka kwenye kolamu ya kwanza hunaswa na kusukumwa katika kolamu fupi inayotenganisha kwa upolari (jinsi chaji ilivyogawanyika katika molekuli) badala ya uvukizi, hivyo nafasi huzidishana badala ya kujumlishana.

Tishari Florida lilikwama karibu na West Falmouth, Massachusetts, Septemba 1969, likamwaga dizeli. Tope la kinamasi lililochukuliwa mwaka 2000 lilikuwa bado na mafuta. Kwa kolamu moja yalionekana kama nundu ya vilele vilivyofunikana, isiyo na maana; kwa kolamu mbili nundu ilifumuka kuwa makundi, ikabainika kwamba alkani nyoofu zimeliwa na bakteria huku alkani zenye matawi, zenye pete na kampaundi za aromati (zenye pete kama ya benzini) zikibaki.

Nakiri kwamba kolamu mbili hazioni kisichogeuka mvuke, zikiwemo kampaundi nzito zilizooksidishwa na jua. Lakini anayeamua kama kinamasi kifukuliwe au kiachwe hahitaji kujua mafuta ni ya nani. Anahitaji kujua kilichobaki ndani ya nundu, na swali hilo kolamu moja haikuundwa kulijibu.