Saa Nne ya Lamu

Leo nimepanda darini mara tatu, na sikwenda kuanika nguo. Nilikuwa naomba likizo ya siku mbili.

Mpaka mwezi uliopita hoteli yetu ilikuwa na programu tatu za simu: ya zamu, ya mshahara, ya likizo. Kila moja na neno lake la siri, yote nimeyaandika nyuma ya kalenda, mambo shwari. Wakubwa wakatuonea huruma. Sasa mtaingia mara moja tu, wakasema, mlango mmoja na yote imefunguka. Kweli wallahi. Na ule mmoja ukikataa, yote imefungwa! Hata zamu yangu ya kesho siijui.



Mlango wenyewe wataka neno la siri, kisha namba sita, na namba hizo umri wake sekunde 30. Zimo kwenye programu nyingine, humo humo simuni. Unazisoma, unarudi mbio, kidole kina mafuta ya sambusa, ushaandika nne, punda analia chini, ya tano imekutoka. Ungekaa ndani kwenye utulivu, mtandao hauingii. Kuta hizi za matumbawe ndizo zilizotutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na walioziandika sidhani walijaribu kupiga simu ndani yake.

Mara ya tatu nikaziandika zote sita, kwa tajwidi. Zikakataliwa.

Nikampigia kijana wa kompyuta, yuko Nairobi.

"Mzee, simu yako inasema saa ngapi?"

"Saa nne."

"Hebu nisomee ilivyoandika."

"Nne, nukta mbili, sufuri, sufuri."

Kimya.

"Mzee, hapo panatakiwa kumi."

"Kumi? Mwanangu, saa kumi watu washaswali alasiri!"

Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Namba zile simu huzipiga hesabu kwa siri iliyofichwa ndani yake pamoja na saa, na kompyuta ya kazini yapiga hesabu hiyo hiyo kwa saa yake. Zikipishana, hupiti. Na simu hii niliirudisha nyuma saa sita kwa mkono wangu mwenyewe, ili ikisema nne iwe nne. Nimesoma saa ya Kiswahili miaka 50, leo niivunje kwa likizo ya siku mbili?

Nikaivunja. Programu zote tatu zikafunguka kwa mpigo. Likizo: inasubiri meneja. Meneja, nasikia, naye hawezi kuingia.

Nikajinyoosha kidogo. Kuamka, simu yasema 2:15. Saa mbili na robo, ya lini, na jua hili? Kumbe saa nane. Watu washakula, na samaki niliyewekewa mimi yuko uani na paka, kabaki kichwa, na paka mwenyewe ananitazama kana kwamba nimechelewa kazini.