CAN kwenye Linux: iwake yenyewe au uiwashe kwa mkono?

Kuna ubishi hapa Dar kati ya jamaa wanaofunga vifaa vya kufuatilia malori na mafundi umeme wanaozunguka na laptopu gereji hadi gereji, na mi naona kila upande una hoja, shida ni kwamba wanabishania kazi mbili tofauti. Ubishi wenyewe ni huu: ukishachomeka adapta ya CAN kwenye kompyuta ya Linux, uiandikie faili ili iwake yenyewe na spidi yake kila mashine ikiwaka, au kila ukifika kwenye gari uandike kamandi kwa mkono?

Kwa ambaye hajagusa haya mambo, CAN ni ule mtandao wa waya mbili ambao vifaa vya gari vinaongea humo, Bosch waliutambulisha 1986, na kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupima gari, uko pini ya 6 na ya 14. Linux inauona kama kadi ya mtandao tu, hiyo kazi ilianzia Volkswagen ikaingia rasmi kwenye kernel (kiini cha Linux) 2.6.25 mwaka 2008, ndo maana can0 unaikuta orodha moja na eth0 na wlan0. Ila hapa hamna IP na hamna ruta ya kukugawia seting, spidi unaitaja mwenyewe: `ip link set can0 up type can bitrate 500000`. Gari ndogo nyingi ni 500 (kilobiti kwa sekunde), malori ya J1939, yaani lugha ya CAN ya magari makubwa, kawaida 250, na ukitaka kubadilisha lazima uishushe can0 kwanza, la sivyo inakujibu kifaa kiko bize.

Wa malori wanasema hivi, na ni kweli: kikompyuta kimefungwa nyuma ya dashibodi, lori limetoka bandarini linaelekea Tunduma, dereva anazima anawasha njiani mara kibao, nani atakaa pale saa nane usiku aandike kamandi? Kwa hiyo wanaweka faili ndani ya /etc/systemd/network, wanaandika BitRate=250K chini ya [CAN], basi. Lori halibadiliki, spidi yake haibadiliki, sasa kwa nini seting ibadilike? Hapo mi sina pingamizi.

Fundi wa gereji naye asubuhi ana Noah, mchana ana Fuso, jioni ana Crown. Akiwa na faili inayoiwasha can0 kwa 500 kila adapta ikichomekwa, siku atakayochomeka kwenye mtandao wa 250 ndo kasheshe inaanza. Kifaa chenye spidi isiyo sahihi hakiwaelewi wenzake, kwa hiyo kinarusha alama za kosa zinazoharibu meseji za wengine, ni kama mtu ameingia kwenye kikao cha ukoo anapiga kelele kila mzee akifungua mdomo. Mwenye gari anaona taa zimewaka kwenye dashibodi anasema fundi kaniharibia gari. Na gari nyingi za zamani za Japan hizo pini mbili hazina hata waya, zinaongea kwa K-line, mfumo wa zamani wa waya mmoja, fundi aliyezoea kila kitu kiwake chenyewe anaona kimya anaanza kulaumu adapta wakati angefungua tochi akaangalia soketi angejua kabla hajagusa kibodi.

Sasa kitu kinachonikera zaidi kwenye haya mafaili ni ile seting ya kujirudisha, `restart-ms`. CAN imejiwekea ulinzi mzuri sana, kila meseji ikishindwa kutoka kaunta ya makosa inapanda 8, zikifeli 32 mfululizo imefika 256 na kifaa kinajitoa chenyewe, hali inaitwa bus-off. Linux isipoambiwa kitu inakiacha hukohuko mpaka mtu akirudishe, na hiyo ni akili. Watu wanaweka 100, yaani milisekunde, ili kisikwame, maana yake kifaa kinafukuzwa kinarudi baada ya sekunde sehemu ya kumi kinavuruga tena kinafukuzwa tena, siku nzima, na wewe ofisini unaona data inakatika katika unasema mtandao wa simu mbovu. Wenye malori wanajibu kwamba waya ukilegea kwa mtikisiko lazima kifaa kirudi chenyewe, sawa, hoja ina uzito, lakini weka basi sekunde kadhaa, na uwe unaangalia `ip -details -statistics link show can0` imehesabu bus-off ngapi.

Faili pia lina tabia ya kukuaminisha. Chukua vile vibodi vya bei rahisi vya chipu ya CAN ya MCP2515 vinavyowekwa kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi, kristali yake ya kupiga mapigo kuna za megahezi 8 na kuna za 16, imeandikwa pale juu ya kile kichuma cheupe, 8.000. Ukiiandikia 16 wakati ni 8, kompyuta itakuonyesha 500000 bila wasiwasi huku kwenye waya inatoka 250. Na wenye adapta mbili za USB wajue iliyoonekana kwanza ndo inakuwa can0, leo hii kesho ile, kwa hiyo faili litambue adapta kwa Path= lisitegemee jina.

Mi msimamo wangu: lori liwake lenyewe, laptopu ya fundi iwashwe kwa mkono, na pande zote zianze na `listen-only on`, yaani kusikiliza tu (kwenye faili ni ListenOnly=yes), maana hapo hata ukikosea spidi hutoi kitu kwenye waya. Kuna watakaosema ukisikiliza tu huwezi kuuliza gari kitu, ni kweli, masaa ya injini ya PGN 65253 (PGN ni namba ya aina ya meseji kwenye J1939) mara nyingi mpaka uyaombe, na mezani ukiwa na ECU (kompyuta ya gari) moja peke yake itarudia meseji hiyohiyo kwa sababu hamna wa kuijibu kwa ishara kwamba imefika. Lakini kiwango cha mafuta cha PGN 65276, kwa lori linalokitoa, kinatangazwa bila kuombwa, na wateja wengi wa kufuatilia malori hapa mjini wanalipia mafuta. Kwa hao ListenOnly=yes inatosha, na anayetaka masaa ya injini aiondoe baada ya kuhakikisha spidi kwenye lori hilohilo, injini ikiwa inanguruma na meseji zinapita.