Harusini na buchani: kitenzi "cleave" na sura zake

Biblia ya Kiingereza iliyoagizwa na Mfalme James ilitoka mwaka 1611. Msomaji wake, hata kabla hajamaliza kitabu cha Mwanzo, alikutana na kitenzi kimoja kikifanya kazi mbili zisizopatana. Katika sura ya 2 mwanamume anawaacha baba na mama, naye "shall cleave unto his wife". Katika sura ya 22 Abrahamu anaamka asubuhi na mapema, anatandika punda, kisha "clave the wood", yaani anachanja kuni za sadaka. Hapa kitenzi kinawaunganisha mume na mke, pale kinapasua gogo. Mpaka leo lile panga fupi la buchani, pana la kuvunjia mifupa, Waingereza wanaliita "cleaver".

Kitenzi hiki ni adimu. Mtu anaweza kuishi London miaka kumi asikisikie sokoni wala ndani ya basi. Lakini katika fasihi ya kale kimejaa, na kinapotokea kinakuja na nguo nyingi. Wakati uliopita kina "cleaved", "cleft", "clove" na "clave". Katika hali timilifu kina "cleaved", "cleft" na "cloven". Ndipo wasomaji wanapogawanyika. Wengine wanasema tubaki na "cleaved" peke yake, hizo nyingine ziende makumbusho. Wengine wanaona kila sura ina kazi yake, na kwamba anayezifuta anaharibu lugha.

Kabla ya kuwasikiliza, tuondoe hadithi moja njiani. Wapenda maneno hufurahia kusimulia kwamba "cleave" ni neno lililojigeuka, likaanza na maana ya kupasua hata likaishia kwenye maana ya kuganda. Hadithi tamu, ila si kweli. Ni vitenzi viwili. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na "clēofan", kupasua, na "clifian", kuganda, kila kimoja na ukoo wake. Majirani bado wanavitenganisha: Wajerumani wana "klieben" cha kupasua, ingawa kimezeeka, na "kleben" cha kugandisha, ambacho wanakitumia kila siku kwa gundi na stempu. Waholanzi wana "klieven" na "kleven". Waingereza, kadiri irabu zao zilivyosogea karne hadi karne, waliviacha vitenzi hivyo vikagongana. Ni kama paa wa porini na paa la nyumba. Hakuna anayesema mnyama aligeuka mabati.

Baada ya kugongana, viliazimana nguo. Kile cha kupasua kilikuwa kinabadilisha irabu tumboni, kama "weave" inavyozaa "wove" na "woven". Ndiko zilikotoka "clave", "clove" na "cloven". Kile cha kuganda kilikuwa kipole, kikiongezewa tu mkia. Mpole akachukua "clave" ya mwenzake. Mpasuaji naye akachukua mkia akawa "cleaved", tena akajishonea "cleft" kwa kuiga "leave" na "left".

Wanaotaka "cleaved" pekee wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Utetezi wa kawaida wa sura za kale ni kwamba zinatusaidia kujua kitenzi kipi kinazungumza. Fungua Biblia ileile ya 1611, Ruthu 1:14: Orpa anambusu mkwewe na kuondoka, "but Ruth clave unto her". Ni "clave" ya Abrahamu na kuni zake, herufi kwa herufi. Kama wale wataalamu, na Kiingereza chao tunachokisifu hadi leo, hawakuona haja ya kutenganisha, sisi tunadai utaratibu gani ambao haukuwapo? Tena maabara zimekwisha kuamua. Mwanasayansi anayeeleza kimeng'enya kilivyoikata DNA anaandika "cleaved", na hakuna anayemwuliza.

Upande wa pili ninaupa ushindi mahali pawili. Kwanza ni pale sura ya kale ilipogeuka kivumishi na kuota mizizi. Kwato za mbuzi ni "cloven", na kwato za Shetani katika michoro ya Ulaya ni hivyohivyo. Mtoto mwenye mdomo sungura ana mdomo "cleft". Ukibadilishana hapo, ukasema kwato "cleft" au mdomo "cloven", Mwingereza atakuelewa lakini atakunja uso. Hakuna kanuni ya sarufi inayoeleza kwa nini. Ni mazoea, na mazoea yanatosha kuwa sheria.

Pili ni sikio. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, tendo la 3, mama anamlilia mwanawe: "thou hast cleft my heart in twain". Jaribu kuweka "cleaved". Idadi ya silabi haibadiliki, kwa hiyo hoja ya mizani inayotajwa mara nyingi haina mashiko. Kinachobadilika ni mlio. "Cleaved" linaburura irabu ndefu na kufa polepole. "Cleft" linakatika ghafla, f na t zikigongana kama shoka likifika chini ya gogo. Jibu la Hamlet, kwamba mama atupe kile kipande kibovu zaidi cha moyo aishi safi na nusu iliyobaki, linakubalika kwa sababu tumekwisha kuusikia moyo ukiwa vipande viwili.

Shakespeare huyohuyo anakitumia kitenzi cha kuganda bila shida yoyote. Katika Macbeth, Banquo anasema heshima mpya ni kama mavazi mageni, hayakubali umbo la mwili mpaka yazoeleke: "cleave not to their mould". Hakuna anayedhani nguo zinapasua kitu. Na hapa kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalipita. Msomaji hatambui maana kwa kuangalia irabu wala mkia. Anaangalia kinachofuata. Kupasua kunapokea kitu moja kwa moja, kuni au moyo. Kuganda kunadai "to" au "unto" katikati. Kwetu ni vivyo hivyo: tunapasua kitu, lakini tunaambatana na kitu. Ile "na" ndiyo inayobeba mzigo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, ugomvi wa sura si mkubwa kama unavyosikika. Vitenzi vyetu havibadiliki tumboni kwa ajili ya wakati; alipasua, amepasua, atapasua, shina ni lile lile. Na tunapotaka kinyume tunakiandika waziwazi mwishoni, kwa kauli ya kutendua. Bandika, bandua. Ziba, zibua. Hata "ambata" ana ndugu yake "ambua", mmoja anashika, mwingine anachuna, wote wa mzizi mmoja. Kiingereza kilifikia kwa ajali, na bila alama yoyote, mahali ambapo Kiswahili kimefika kwa utaratibu.

Ugumu wa kweli uko kwenye tafsiri. Kiebrania kilichoko nyuma ya mistari ile kina vitenzi viwili tofauti kabisa: "davaq" kwa mume na mkewe na kwa Ruthu na mkwewe, "baqa" kwa kuni za Abrahamu, kwa ardhi iliyowameza akina Kora katika Hesabu 16 na kwa miamba ya jangwani katika Zaburi 78. Kiingereza cha 1611 kikavitia vyote katika chungu kimoja. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, haikufuata njia hiyo. Abrahamu anachanja kuni, nchi inapasuka, Ruthu anaambatana na Naomi. Tena katika Zaburi 137, pale Kiebrania kinaporudia "davaq" kwa ulimi, watafsiri wetu hawakurudia "ambatana". Ulimi ukagandamana na kaakaa. Walikuwa sahihi. Ulimi ulioambatana na kaakaa ungesikika kama umesindikizwa.

Na hapo ndipo ninapoacha kuwacheka Waingereza. Magazeti yetu huandika kila wiki kwamba rais aliwasili akiambatana na mkewe, maana yake walifuatana. Barua pepe ina kiambatisho. Kijana anayesikia harusini "naye ataambatana na mkewe" ana haki ya kudhani bwana harusi anaagizwa awe anatoka na bibi harusi, wakati andiko linasema amng'ang'anie, washikane wasibanduke. Baadhi ya tafsiri mpya za Kiingereza zimeliacha "cleave" na kuweka maneno ya kushika imara au kuunganishwa. Kitenzi chetu kingali na sura ileile, maana ndiyo inayoteleza chini yake, na hilo mimi naliona la hatari zaidi kuliko utitiri wa "clove" na "clave". Sura ngeni humsimamisha msomaji akafungua kamusi. Sura aliyoizoea haimsimamishi.

Kwa Wazanzibari kuna mtego mmoja wa ziada. "Clove" ya wakati uliopita inaandikwa sawa kabisa na jina la karafuu, na ni rahisi kuwazia kichwa cha karafuu kilichopasuka. Hakuna undugu. Karafuu imepewa jina hilo la Kiingereza kutokana na neno la Kifaransa la msumari, kwa umbo lake. Ndugu wa kweli wa kitenzi chetu ni punje ya kitunguu saumu, ambayo nayo Waingereza wanaiita "clove", kwa sababu inabanduka kutoka kwenye kichwa.

Kwa hiyo anayeandika Kiingereza leo aandike "cleaved" bila aibu, isipokuwa pale nomino imekwisha kuoa kivumishi chake. Anayesoma ya kale asihofu sura, atazame kinachofuata. Anayetafsiri hana njia ya mkato. Chukua The Tempest, tamthilia nyingine ya Shakespeare, pale Prospero anapomkumbusha Ariel, pepo anayemtumikia, kwamba mchawi Sycorax alimfungia ndani ya "a cloven pine". Hapo "cloven" halisemi ni nani aliyeupasua mti, wala kama yupo. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua: msonobari uliopasuka, au msonobari uliopasuliwa? Mimi naweka "uliopasuka". Anayetaka "uliopasuliwa" itabidi atuonyeshe mwenye shoka.