Zulia Lililokwenda Büyükada Peke Yake

Siku ya mwisho ya safari ina shetani wake. Pesa zimebaki chenji, miguu imevimba, na bado kila mtu ana jambo lake moja ambalo ameapa haondoki bila kulifanya. Yetu iliangukia Jumapili, tukiwa Istanbul, na Mhasibu alipoamka tu akatutangazia kwa furaha isiyofichika kwamba Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, hufungwa Jumapili. Mhasibu ndiye aliyeshika mfuko wa kundi. Sijapata kuona binadamu akifurahia mapumziko ya wafanyabiashara kiasi kile.

Kwa Mama Zulia habari hiyo ilikuwa imechelewa. Alishanunua zulia lake Jumamosi jioni, kwa bei ambayo siitaji kwa sababu mumewe anajua kusoma. Lilikuwa limeviringishwa, limezungushiwa karatasi ngumu na kufungwa kamba huku na huku, kama maiti inayosafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Ndege yetu ilikuwa ya usiku, na hotelini pale Sultanahmet walikuwa na chumba cha kutunzia mizigo ya wageni. Sote tukaacha masanduku. Mama Zulia naye akaacha sanduku, zulia akagoma.

"Nguo zikipotea nitanunua nyingine," alisema. "Hili haliachwi kwa mtu nisiyemjua hata jina la mama yake."

Basi tukatoka watu wanne na zulia.

Mpango wa siku ulikuwa wa Kapteni. Tulimwita Kapteni kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa na ramani, na kwa sababu alikuwa hakubali kuulizwa maswali. Istanbul ni mji uliokaa mabara mawili, mlango wa bahari wa Bosphorus ukiwa katikati. "Tunavuka, tunakunywa chai Asia," alisema, "tunarudi kula chakula cha mchana Ulaya, jioni uwanja wa ndege. Nani hapa amewahi kufanya hivyo?" Hakuna aliyewahi. Ipo treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013, ambayo ingetufikisha kwa dakika chache tu, lakini Kapteni alisema chini ya bahari hakuna picha.

Tukateremka kwa miguu hadi gati la Eminönü, mimi nimeshika zulia mbele, Kapteni nyuma, Mama Zulia ubavuni akitoa amri. Watu walikuwa wakitupisha kwa heshima ya ajabu. Mzee mmoja alisimama kabisa, akavua kofia.

Gatini Kapteni alisoma ubao, akaona Kadıköy, akatuingiza kwenye feri. Kwa haki ya Mungu, Kadıköy ilikuwa imeandikwa. Ila chini yake kulikuwa na majina mengine: Kınalıada, Burgazada, Heybeliada, Büyükada. Nilimwonyesha. Akasema hayo ni matangazo ya biashara.

Nakiri mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Tulikaa sitaha ya juu, zulia tukalilaza kwenye benchi, muuzaji akapita na chai kwenye vile vigilasi vyenye kiuno chembamba. Abiria walikuwa wakiwarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na shakwe wakividaka hewani. Mhasibu alinunua simit moja, akaanza kuimega vipande vidogo vidogo ili idumu. Shakwe mmoja hakuwa na subira ya aina hiyo. Alikuja kwa nyuma akaichukua nzima. Mhasibu alibaki ameinua mkono, akatuuliza kama hiyo tunaihesabu hasara ya kundi au yake binafsi.

Tukakipita kile kituo cha zamani cha treni cha Haydarpaşa, feri ikatia gati, na karibu nusu ya abiria wakashuka.

"Kapteni, si hapa?"

Akatazama nchi kavu. Mabasi, teksi, watu wanakula. "Hapa bado Ulaya," akasema. "Asia mkifika mtajua wenyewe."

Bango la gati lenye jina KADIKÖY lilikuwa nyuma ya kisogo chake.

Feri ikang'oa nanga, na nchi kavu ikaanza kuwa nyembamba pande zote mbili. Ulaya ikapungua, Asia ikapungua, mbele ikabaki bahari ya Marmara. Ilipopita karibu nusu saa Mhasibu akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi Asia ndiyo iko mbali hivi?" Msichana mmoja aliyekuwa akijisomea karibu yetu, na aliyejua Kiingereza, akafunga kitabu chake taratibu. Akatuambia Asia tumeiacha nyuma muda mrefu. Huku ni visiwani. Cha kwanza kile kinakuja.

Hapo ikawa kila mtu na roho yake. Feri ilipogusa Kınalıada tulishuka ngazi kwa mkupuo, tukaruka gatini, kamba zikafunguliwa, feri ikaondoka. Ndipo nikaona kwamba mikono yangu iko huru mno. Nikamtazama Kapteni, naye alikuwa akinitazama mimi. Mama Zulia, mlinzi mkuu, alikuwa ameshika kiatu kimoja mkono huu na kingine mkono huu, kwa ajili ya mbio.

"Simamisheni meli!" alipiga ukelele, kwa Kiswahili safi, na nadhani hata samaki walielewa. Meli haikuelewa.

Kapteni, ambaye bado alikuwa na imani na uongozi wake, akapendekeza tukodi teksi ituwahishe kituo kinachofuata. Ilibidi akumbushwe kwamba kituo kinachofuata ni kisiwa kingine. Na hata isingekuwa hivyo, visiwa hivi haviruhusu magari ya watu binafsi. Aliyekuwa karibu nasi mwenye magurudumu alikuwa mtoto na baiskeli yake.

Mtu wa gati alituchorea duara hewani kwa kidole: inakwenda, inakwenda, inarudi. Tukakaa kusubiri. Nikajaribu kuwafariji kwa historia kidogo. Nikawaambia kwamba enzi za Wabizanti, waliotawala mji huu kabla ya Waturuki, wakubwa walioangushwa walikuwa wakitupwa visiwani humu, na kwamba Mfalme Romanos wa Nne, yule aliyeshindwa vitani na Waturuki wa Seljuk kule Manzikert mwaka 1071, aliletwa hapahapa Kınalıada akiwa amepofushwa macho, akafa mwaka uliofuata.

Mama Zulia akanigeukia. "Na yeye alipoteza zulia?"

Nikanyamaza. Zulia wakati huo lilikuwa likitembezwa Burgazada, kisha Heybeliada, kisha Büyükada, alikoishi Trotsky, yule mwanamapinduzi wa Urusi, baada ya kufukuzwa kwao. Mhasibu alisema jambo linalomuuma ni kwamba linatalii kuliko sisi na halijalipa nauli.

Ikaja feri ya kurudi mjini. Haikuwa ile yetu. Kapteni akasema tupande, ndege haisubiri zulia. Mama Zulia akakaa juu ya kile chuma cha kufungia kamba. "Nendeni tu. Mkifika mwambieni mume wangu nimehamia huku."

Hakuna aliyekuwa tayari kupeleka salamu hizo. Feri ikaondoka bila sisi.

Yetu ilipotokea, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Tukapanda mbio hadi juu, na zulia lilikuwepo palepale kwenye benchi. Juu yake alikuwa ameketi mzee wa makamo makubwa, masharubu mazito, gazeti mapajani, chai mkononi, ametulia kabisa.

Mama Zulia adabu hazikumtoka hata hapo. "Shikamoo mzee. Samahani, hilo ni zulia langu."

Mzee akatabasamu, akasogea kidogo, akalipigapiga zulia kumkaribisha aketi. Mama Zulia akaketi. Mzee akamwonyesha muuzaji chai vidole viwili, kisha akamwonyesha Mhasibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na pochi mkononi. Hakunyanyuka hadi Kadıköy. Aliposhuka alituaga mmoja mmoja, na zulia akaliaga pia. Pale Kadıköy, Asia yenyewe, bango likituangalia usoni, hakuna aliyesema tushuke tukanywe chai. Kapteni alikuwa akitazama upande wa pili.

Yaliyofuata yalikuwa mbio tu: tramu hadi Sultanahmet, masanduku, teksi kwenda uwanja mpya wa ndege, ambao wameuweka mbali kule karibu na Bahari Nyeusi. Zulia halikuenea kwenye buti, likalazwa ndani, kutoka kwenye kioo cha mbele hadi cha nyuma, likanitenganisha na Kapteni. Ilikuwa heri kwetu sote.

Kaunta ya uwanjani likapimwa, na mzigo wa Mama Zulia ukazidi. Mhasibu akafunga zipu ya pochi pale pale. Tukafungua masanduku sakafuni, mbele ya foleni nzima, nguo za Mama Zulia zikagawiwa. Mimi nilifika kwenye ukaguzi nimevaa sweta zake mbili na koti la zambarau lenye manyoya shingoni. Askari aliniambia nivue moja, nikavua, akaona ipo nyingine. Tulipofika ya mwisho aliacha kunitazama mimi, akawa anamtazama mwenzake.

Tulipokwisha kufunga mikanda ndani ya ndege, Mhasibu akatoa daftari na kutusomea hesabu ya siku. Nauli ya kwenda kusikokusudiwa. Simit moja, imeliwa na shakwe. Chai ya mzee, gilasi mbili, nani analipa?

Kapteni akasema hakumwita mzee. Mimi nikasema sikunywa. Tukamgeukia Mama Zulia, ambaye alikuwa ameshajifunika blanketi hadi utosini na anakoroma, na ndege bado haijasogea.